Ule Ushuhuda wa Nyari Haukuwa Kamili



Nawasalimu nyote, mlio hapa Kaloleni, mlio Mariakani na Mazeras, na wale wetu mlioko Nairobi, Qatar na Saudia mnaotufuata kwa simu. Leo sikuleta neno la dakika mbili kama mlivyozoea. Ni refu. Kama uko jikoni, epua sufuria kwanza.

Mnakumbuka ushuhuda uliotolewa mwezi wa kumi, Jumapili ya kwanza baada ya Mashujaa Day. Kijana wetu alisimama mbele akaeleza jinsi tulivyokwenda Nyari kule Marafa, wingu likatanda, mtumishi wa Mungu akalikemea, na mvua ikazuiliwa mpaka mtoto wa mwisho akatoka bondeni. Kina mama walipiga vigelegele. Kinanda kikaingia. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha mbele, nikainua mkono mmoja juu, kama mtu anayesema utukufu ni wa Bwana.

Wapendwa, ushuhuda ule haukuwa kamili, na nilijua haukuwa kamili nikiwa nimeinua ule mkono.

Kijana hakusema uongo. Alisema alichokiona. Mwenye kujua mengine nilikuwa mimi, nami nilinyamaza. Nimenyamaza miezi minne. Nimehubiri juu ya Anania na Safira katikati ya miezi hiyo minne, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Kilichonifungua kinywa ni kikao cha kamati ya vijana, Jumanne iliyopita. Wanataka safari nyingine likizo ya Aprili, na safari hii wanataka kwenda mbali: Hell's Gate, kule Naivasha. Bajeti wameiandika vizuri. Treni tupande Mariakani, tulale kwa ndugu zetu Nairobi, asubuhi basi. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, Aprili si ndiyo masika? Kijana akajibu bila kufikiri, tena kwa furaha: "Mzee, usiogope. Pasta yuko. Mvua tutaifunga."

Kila mtu akacheka. Mimi nikahisi tumbo limekuwa baridi.

Basi nirudi nyuma niwaeleze yote.

Kwanza, wengine wenu mlipinga tangu mwanzo. Mlisema vijana wa kanisa wanakwenda kutafuta nini mahali panapoitwa Hell's Kitchen, jiko la jehanamu? Niliwajibu wakati ule na jibu langu halijabadilika. Jina hilo ni la wageni, kwa sababu ya lile joto la saa sita mchana na ule wekundu wa kuta. Wenyewe Wagiriama wanapaita Nyari, mahali palipovunjika penyewe. Na tena nasema, kutembea si dhambi. Yesu mwenyewe aliwaona wanafunzi wake wamechoka, watu wanaingia na kutoka hata nafasi ya kula hawana, akawaambia waende kando, mahali pasipo watu, wapumzike. Soma Marko 6:31. Watoto wetu hapa wanajua njia tatu: ya shule, ya kanisa na ya stendi. Tulipovuka daraja la Kilifi asubuhi ile, jua likitoka juu ya maji, kuna msichana wa kidato cha pili aliyelia. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Hakuna, Pasta. Ni pazuri tu."

Kwa hiyo si safari ninayoitubia.

Tuliondoka Kaloleni alfajiri, vijana 38 na watu wazima watano. Mavueni, Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kushoto, Gede, Malindi. Malindi tukashuka kununua mahamri na mbaazi. Tulipovuka mto Sabaki maji yalikuwa mekundu mazito, na kijana mmoja akauliza mbona mto umejaa tope na huku barabara ni vumbi tupu. Nikasimama kati ya viti nikawafundisha. Nikawaambia mto huu unatoka nyanda za juu upande wa Nairobi, unaitwa Athi. Ukiungana na Tsavo unaitwa Galana. Ukifika kwetu ni Sabaki. Mvua inanyesha kule kwa wengine, tope linafika huku kwetu, ndiyo maana bahari ya Malindi hubadilika rangi ikawa ya udongo wakati jua linawaka. Nilijipenda sana kwa somo lile. Nililifundisha asubuhi, na saa tisa alasiri nilikuwa nimelisahau lote.

Tukapita Marikebuni, tukafika Marafa. Hujafika? Nenda. Unatembea katika mashamba ya kawaida, mahindi, mihogo, mbuzi, nyumba za watu, halafu ghafla ardhi inakatika mbele ya vidole vyako. Chini kuna minara ya mchanga ulioshikamana, mamia, mingine myembamba kama vidole, mingine kama kuta za nyumba iliyoungua. Juu ni mwekundu, katikati rangi ya chungwa, chini unapauka hadi kuwa mweupe. Mvua ndiyo iliyochonga hayo yote, mwaka baada ya mwaka, na bado inachonga. Mwaka huu si kama mwaka jana pale. Kuna sehemu za ukingo ambazo zamani watu walikanyaga na leo ni hewa.

Kijana wa kutembeza wageni alitupokea, mtoto wa pale pale, ana miaka kama 25 hivi. Alitusimulia hadithi za wazee. Ya kwanza ni ya matajiri wenye ng'ombe wengi hata wakawa wanaoga maziwa na majirani wana njaa, Mungu akawadidimiza na mali yao. Ya pili ni ya kijiji kilichoonywa kihame, kila mtu akahama isipokuwa bibi mmoja aliyekataa. Vijana wangu waliipenda ile ya maziwa. Mimi nikachukua kalamu kabisa, nikaandika mahubiri: choyo, Luka 16, tajiri na Lazaro. Ile ya pili, ya mtu aliyeambiwa na akakataa kusikia, sikuiandika.

Yule kijana alitwambia tusishuke mchana, joto la chini si la kuchezewa. Tukala pilau chini ya mwembe, tukaimba, tukangoja. Saa tisa tukajipanga. Hapo ndipo akatazama upande wa bara akanyamaza. Nami nikatazama. Lilikuwa wingu jeusi, lakini lilikuwa mbali, na juu yetu mbingu ilikuwa nyeupe.

Akanivuta kando kwa heshima, watoto wasisikie. "Mzee, leo hatushuki. Kule kumenyesha. Maji ya mashamba yote haya ya juu yakija, njia yake ni ile ile tunayopita sisi."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimehubiri juu ya mamlaka ya mwamini. Mnaikumbuka, iliwapendeza, mliisambaza sana. Niliwaambia uumbaji unaisikia sauti ya mwana wa Mungu. Na pale ukingoni vijana walikuwa wameshaona kwamba tunanong'ona, wameshaliona wingu, na mmoja akapaza sauti: "Pasta, likemee!" Wengine wakaitika. Simu zikainuka. Kama kumi hivi, zote zimenielekea.

Nilifikiri mambo mawili kwa haraka. Nilifikiri, nikikubali neno la kijana huyu, mahubiri yangu ya juzi yatakuwa nini? Na nilifikiri, video itakuwa nzuri.

Nimeandika sentensi hiyo, nimeifuta, nimeiandika tena. Iache hapo.

Nikainua mikono. Niliomba kwa sauti kubwa, nikaliamuru lile wingu lirudi lilikotoka, nikaifunga mvua, nikaimwaga damu ya Yesu kuzunguka bonde lote la Marafa. Vijana wakaitika amina mpaka mbuzi wakashtuka. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili hakuitika. Aliwachukua wale wenye ndala, kumi na wawili, akasema hawa viatu vyao havifai, sisi tutabaki. Baadaye nilikuja kujua kwamba watatu kati yao walikuwa na raba nzuri kabisa. Alikuwa anatafuta sababu ya kuwabakisha bila kunivunjia heshima.

Yule kijana wa Nyari alingoja nimalize. Kisha akasema taratibu: "Pasta, mimi pia ni mtu wa kanisa. Lakini huu mchanga haujaokoka."

Nilitabasamu, nikampiga bega. Nikaanza kushuka.

Naye akashuka. Nilimwambia akitaka abaki. Akajibu, "Siwezi kuwaacha mwende peke yenu na watoto." Akapita mbele.

Vijana 26 nilishuka nao. Chini ni kama kuingia katika jengo la ibada lisilo na paa, nawaambia kweli. Sauti inakuwa ndogo. Tulipiga picha ya pamoja chini ya ukuta mmoja mwekundu, ile picha ambayo ilikaa katika ukurasa wetu mpaka juzi nilipoiondoa. Tukiwa bado tunacheka, tone likaniangukia shingoni. La pili likamwangukia mtu mwingine. Yule kijana hakupaza sauti. Alisema tu, "Sasa hivi. Njia ile ile. Wadogo mbele."

Mvua ilipofika haikuja polepole. Na iliyotunyeshea si iliyonitisha. Kilichonitisha ni maji yaliyotoka juu, kwenye yale mashamba, mekundu, yakiteremka kwenye kijia chetu kama yamefunguliwa bomba. Kwanza visigino. Halafu nusu ya muundi. Mchanga ambao ulikuwa mgumu kama sakafu ukawa kama uji. Watoto walikuwa wanashika ukuta na ukuta unabaki mkononi mwao. Yule msichana wa daraja la Kilifi aliteleza, kifundo cha mguu kikapinda, akapiga ukelele mmoja akanyamaza. Kijana akarudi chini, akambeba mgongoni.

Tulikuwa tumekaribia juu niliposikia kishindo nyuma yetu, kama lori linalomwaga kokoto. Nikageuka. Ule ukuta wa picha ulikuwa umeacha kipande, kikubwa kuliko ile matatu yangu ya zamani, na kilikuwa kimelala pale pale tulipokuwa tumesimama.

Juu nikahesabu watoto. 25. Nikahesabu tena, 25. Mara ya tatu, 25. Magoti yangu yakaisha. Nilikuwa nimesahau kumhesabu aliyekuwa mgongoni.

Ndivyo ilivyokuwa. Mvua haikuzuiliwa na mtu. Tulitolewa na kijana ambaye alikuwa ameshasema tusiingie.

Naamini Mungu alituhurumia? Naamini kwa moyo wote. Lakini ukiniuliza rehema ile ilivaa nguo gani, ilivaa fulana ya bluu iliyotoboka begani, na nilikuwa nimeipiga bega dakika ishirini kabla.

Kwenye basi hakuna aliyeimba. Kufika Malindi, walipopata chai, maneno yakaanza, na yalipoanza yalikuja yakiwa yameshageuka: Pasta aliomba, na tazama, hakuna aliyekufa. Kufika Kilifi ilikuwa muujiza. Kufika Kaloleni usiku, nami nilikuwa nimeanza kuusadiki. Ndivyo mtu anavyojidanganya, wapendwa. Huhitaji kusema uongo. Unawaacha watu wakupendao waseme, wewe unakaa kimya na kuinua mkono.

Siku ya tatu nilikwenda kumtazama yule msichana. Mguu umefungwa bandeji, hospitali ilikuwa imesema wiki tatu asitembelee. Mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniletea dafu. Hakunilaumu hata kwa jicho. Aliketi kwenye mkeka akachambua mchicha, akasema, "Pasta, mwanangu ananiambia alipoliona lile wingu aliogopa. Lakini wewe ulipoomba, akaona haya kuogopa."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akaendelea kuchambua. "Mimi sijasoma Biblia kama wewe. Nauliza tu. Kwa nini hamkuomba mkiwa juu, halafu mkakaa huko huko juu?"

Sikuwa na jibu. Nilikunywa dafu lote nikaaga.

Akaona haya kuogopa. Neno hilo limelala nami kitanda kimoja tangu siku ile. Kwa sababu ule woga ulikuwa ni Mungu akisema na mtoto, na sauti yangu ndiyo iliyouzima.

Na sisi tuko Kilifi. Hatuwezi kulisema jambo hili kama watu wa kaunti nyingine. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti hii hii, kulifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, na wengi walikuwa watoto, kwa sababu waliambiwa na mtu aliyejiita mtumishi kwamba wakifunga mpaka kufa watamwona Bwana. Tuliomba sana wakati ule. Mimi nilisimama mbele yenu nikasema kwa ukali kwamba sisi si watu wa namna hiyo. Na kweli, kushuka Nyari na wingu likiwa bara si Shakahola. Najua ukubwa wa vitu. Lakini nimejiuliza usiku: wale watoto 26 walishuka kwa nini? Wote walikuwa na macho. Wote waliliona wingu. Walishuka kwa sababu nilisema, na kwa sababu asiyeshuka angeonekana hana imani. Mlango ni huo huo. Mimi nilisimama kizingitini tu.

Najua utaniambia, Mchungaji, lakini Yesu alikemea dhoruba. Alikemea, Marko 4. Dhoruba iliwakuta wakiwa tayari majini, na wavuvi ndio waliokuwa wakishika makasia. Hakuwapandisha chomboni akiitazama tufani ili wamwone akiinyamazisha. Kuna mwingine aliyetaka mambo ya namna hiyo. Alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, na aliijua Zaburi kwa moyo, akataja na malaika watakaomdaka. Mathayo 4. Yesu hakujitupa. Alishuka kwa ngazi kama watu wengine, ingawa haikuandikwa.

Na utaniambia Eliya. Huyo ndiye ninayetaka tumsome wiki hii, 1 Wafalme 18, kutoka aya ya 41 mpaka mwisho. Sisi tunampenda Eliya kwa sababu aliifunga mbingu. Mtu huyu kama angekuwa nasi leo tungemwalika kila kongamano. Sasa tazama alivyofanya mvua ilipokaribia. Mtumishi wake alitumwa kutazama bahari mara saba, na mara ya saba akaona kiwingu kidogo, kama kiganja cha mtu. Kiganja! Wingu langu la Marafa lilikuwa kama zizi la ng'ombe. Na Eliya, yule yule mwenye funguo za mvua, alimtuma mtu mbio kwa Ahabu amwambie atandike gari ateremke, mvua isije ikamzuia. Tena Ahabu alikuwa adui yake. Nabii aliona wingu la kiganja akamwambia adui yake awahi nyumbani. Mimi niliona wingu la zizi nikawaambia watoto wenu washuke.

Sasa Hell's Gate.

Vijana, sikatai. Nataka mwende, na Mungu akipenda tutakwenda pamoja. Ile ni moja ya mbuga chache za nchi hii ambapo unaruhusiwa kushuka garini ukatembea kwa miguu au kwa baiskeli, pundamilia na twiga wakikutazama. Ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1984. Kuna mnara wa mwamba unaoitwa Fischer's Tower, watu huupanda kwa kamba, na Wamasai wana hadithi kwamba ni binti aliyekuwa anapelekwa kuolewa, akaonywa asigeuke kutazama kwao, akageuka, akawa jiwe. Mke wa Lutu mnamjua, kwa hiyo siku hiyo mahubiri nimeshapata. Mvuke wa moto unatoka ardhini kule Olkaria na unageuzwa umeme unaowasha taa hizi za kwetu. Na kuna korongo lenyewe, Ol Njorowa, ambalo zamani maji ya ziwa yalipita. Kuta zake zimekaribiana hata mahali pengine unagusa pande zote mbili kwa mikono. Ndiyo mnalolitaka, najua, nimeona picha mnazotumiana.

Lakini someni na haya. Aprili 2012, vijana wa kanisa walikwenda pale, siku ya furaha kama hiyo mnayoipanga, mwezi huo huo mnaoupanga. Maji yalikuja ghafla kutoka juu yakawakuta ndani ya korongo. Saba walikufa. Vijana wa kanisa, wapendwa. Sidhani kama mmoja wao alipanda basi asubuhi ile bila kuombewa. Na Septemba 2019, maji yakaja tena namna ile ile, watu saba tena, na mmoja wao alikuwa mtembeza wageni, mwenyeji, mtu aliyeyajua yale mawe.

Huyo wa mwisho ndiye nisiyeweza kumsoma haraka nikapita. Nakumbuka fulana ya bluu. "Siwezi kuwaacha mwende peke yenu na watoto."

Kwa hiyo Alhamisi iliyopita, siku mbili baada ya kile kikao, nilirudi Marafa. Sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Nilichukua nazi thelathini za Kaloleni na mfuko wa unga, maana mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu. Nilimkuta ameketi chini ya ule mwembe anangoja wageni. Alinitambua, akasimama, akanipa mkono. Nikamwambia nilichokuja kusema, nikataja mpaka lile jambo la video. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama chini, akasema, "Pasta, hata mimi usiku ule sikulala. Niliwaza, kwa nini sikukataa kabisa?" Kisha akauliza hali ya yule msichana. Nikamwambia anatembea, anacheza mpira wa wavu. Alifurahi kuliko nazi zote.

Akaniuliza kama nataka kushuka. Mbingu ilikuwa safi, kaskazi inavuma, mchanga mkavu. Nikamwambia aamue yeye. Akatazama bara, akatazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akasema twende. Tukashuka wawili. Kile kipande kilichoanguka bado kiko pale chini, mvua zimekilainisha kingo, kimeanza kuwa mnara mdogo. Nilikaa kivulini mwake nikaomba, kwa sauti ya chini, na yeye akavua kofia.

Basi, haya ndiyo ya safari. Hatuendi Aprili. Tutakwenda likizo ya Agosti, na michango mliyokwisha kutoa iko kwa mama mweka hazina, hakuna kilichopotea. Baiskeli na kutembea juu ni hakika. Korongoni tutashuka ikiwa tu walinzi wa mbuga na mtembeza wageni wa siku ile wamekubali, na wakikataa hatutafanya maombi ya kuwabadilisha nia. Kila mtoto aje na barua ya mzazi na raba za kufunga kamba. Mwalimu wa shule ya Jumapili ndiye kiongozi wa safari. Mimi nitakuwa abiria. Nimemwomba yule msichana ahesabu watu, na ameniambia ataanza kwa walio mgongoni.

Jumapili hii nitayasema haya madhabahuni, kwa kinywa, kabla ya sadaka. Yule kijana aliyetoa ushuhuda nimeshazungumza naye, msimcheke. Na kama una mtoto aliyekuwa mmoja wa wale 26, nitakuwa mlangoni baada ya ibada. Njoo uniambie lolote ulilonalo. Nitasimama pale mpaka mtu wa mwisho aondoke.

Mchungaji wenu,
Kaloleni